Mikono na Vyote Vilivyoshikamana Nayo

Ipo nchi moja, wala msinibane niseme iko wapi, maana mkiijua mtataka kuhamia. Inaitwa Shirikisho la Majimbo Yenye Adabu. Kila jimbo lina bendera yake, wimbo wake, gereza lake na ukweli wake, na jimbo moja haliingilii ukweli wa jimbo jingine. Juu ya majimbo yote ipo Mahakama ya Shirikisho, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna raia anayeozea gerezani kwa kuonewa, ilimradi katika kuhakikisha huko asiudhike jaji yeyote wa jimbo.

Mimi ndiye Mpiga Hodi wa mahakama hiyo. Msicheke. Ni cheo kikubwa, kina joho na kofia. Jaji wa Shirikisho hawezi kuingia jimbo la watu hivi hivi kama mwizi wa kuku. Anaingia kama mgeni, na mgeni hubisha hodi. Basi mimi husimama mpakani nikapaza sauti: "Hodi! Hodi! Hodi!" Wenyeji wakiitikia "Karibu," tunaingia na majalada yetu. Wasipoitikia hodi ya tatu, tunarudi zetu bila kinyongo, na mfungwa anajulishwa kwamba shauri lake limesikilizwa kadiri adabu ilivyoruhusu. Watu wa nchi nyingine wamewahi kuniuliza kama hiyo ni haki. Huwa nawauliza kwao wanaingiaje nyumba za wenzao, na mpaka leo sijapata jibu la maana.

Kisa chenyewe ni cha Chande Mtopwa, mkaanga maandazi wa Jimbo la Mitondoo, aliyefungwa maisha kwa kosa la kuuteketeza Ukumbi wa Fahari.

Chande alikuwa akikaangia maandazi yake nyuma ya ukumbi huo. Asubuhi moja kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukapanda, ukapita juu ya paa, na Mkuu wa Jimbo, aliyekuwa dirishani kwake ng'ambo ya mto akisubiri chai, akauona. Mkuu wa Jimbo ni mtu wa uamuzi wa haraka. Kabla chai haijafika alikwisha kutangaza redioni kwamba Ukumbi wa Fahari umeteketea wote, kwamba jimbo limepata pigo, na kwamba serikali yake haitalala. Ndipo akanywa chai.

Majimbo mengine yalizipokea habari hizo kwa machozi. Rambirambi zikamiminika. Zikaja bati za msaada, yakaja mablanketi ambayo hakuna aliyeuliza ni ya kumfunika nani, ikaja na kwaya. Ilipofika adhuhuri, msaidizi mmoja alimnong'oneza Mkuu wa Jimbo kwamba ukumbi upo.

"Upo wapi?"

"Upo palepale, Mheshimiwa."

Mkuu wa Jimbo alifikiri kwa kina. Kurudisha rambirambi ni kumtukana aliyelia, na jambo hilo kwetu halifanyiki. Kwa hiyo ukumbi ukaendelea kuwa umeteketea, ikabaki tu kumpata aliyeuchoma. Kumpata hakukuwa kazi. Chande alikuwa bado yupo nyuma, na moto wake, akigeuza maandazi.

*

Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Lugome, mtu mwenye heshima nyingi na shingo fupi. Jimbo lilimpa Chande wakili wa bure, Bwana Sombi, ambaye alisinzia tangu shahidi wa kwanza alipoapa mpaka hukumu ilipotoka. Baadaye Chande alipolalamika, Mahakama ya Rufani ya Jimbo ilichunguza ikaona kwamba ule ulikuwa usingizi wa kimbinu. Wakili aliye macho angeweza kuuliza maswali, na maswali yangeweza kumkasirisha jaji. Kwa hiyo mteja alifaidika, na ikabidi aambiwe ashukuru.

Chande alijitetea mwenyewe. Utetezi wake ulikuwa mfupi.

"Mheshimiwa," alisema, "ukumbi si ule pale?" Akanyoosha kidole dirishani.

Jaji Lugome hakugeuka. "Mshtakiwa, ukitaka kuutumia ukumbi kama kielelezo, uulete masijala upigwe mhuri na kupewa namba."

Karani aliupima mlango wa masijala akaripoti kwamba ukumbi hautapita. Jaji akaandika kwamba mshtakiwa alipewa nafasi ya kuleta kielelezo chake, akashindwa. Akamfunga maisha, kisha akaenda kula chakula cha mchana humohumo ukumbini, maana ndimo kwenye feni.

Sasa msidhani kwetu mfungwa hutupwa tu. Siku ya hukumu mkewe hukabidhiwa kifaranga. Sheria inasema maombi ya kwenda Mahakama ya Shirikisho lazima yafike kabla kifaranga hicho hakijakua na kutaga yai la kwanza. Likitoka yai, muda umekwisha. Ni sheria nzuri kwa sababu hata asiyejua kalenda anaweza kuifuata. Yapo maneno ya chini chini kwamba Idara ya Mifugo huvilisha vifaranga hivyo chakula cha kuwahisha mayai, lakini mimi maneno ya chini chini siyasikilizi, maana kazi yangu ni ya juu juu.

Mke wa Chande anaitwa Tunu. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa na tabia mbaya ya kutochoka. Alikichukua kifaranga chake akaanza kuzunguka. Mahakama ya Wilaya alibisha hodi, hawakuitikia. Mahakama ya Rufani waliitikia "Karibu" lakini hawakufungua. Baraza la Msamaha lilimfungulia, likamnywesha chai, likamsikiliza mpaka mwisho, kisha likamweleza kwa upole kwamba lenyewe husamehe wenye hatia tu. Kama mumewe hana hatia, basi hakuna cha kusamehe, na aende salama.

Alipofika kwetu, msajili wetu alimrudisha kwa sababu ilimpasa kwanza abishe hodi kila mlango wa jimbo, asibakize hata mmoja, ili jimbo lisije likasema limerukwa. Tunu akarudi akaibisha yote, mpaka mlango wa jiko la gereza na wa choo cha Jaji Mkuu, ambako mtu aliitikia lakini kwa hasira. Alipokuja tena, msajili akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Umechelewa, mama. Kuku wako keshataga huyo."

Tunu aliweka kikapu mezani akafunua kitambaa. Akasimama jogoo, akakung'uta mabawa juu ya majalada ya watu, akawika.

Mwanasheria Mkuu wa Jimbo alipinga vikali. Alisema cheti cha kifaranga kinasema ni tetea, kimesainiwa na jimbo, na Shirikisho halina mamlaka ya kumpekua kuku wa jimbo. Msajili wetu aliuona uzito wa hoja hiyo. Akaamuru kuku asubiriwe atage. Jogoo akawekwa masijala, akawa analishwa mtama wa serikali na kuwika kila kesi ilipotajwa. Alipoanza kumrukia msajili miguuni, shauri la Chande likapokelewa siku hiyohiyo, pamoja na maelezo kwamba limepokelewa kwa roho safi.

*

Jaji aliyepangiwa safari ya Mitondoo alikuwa Mheshimiwa Kirumbi, mzee wa sauti laini, ambaye katika utumishi wake wote hajapata kumkwaza mwenyeji. Na hapa lazima niwaeleze kazi ya jaji wa Shirikisho, maana watu huikosea. Yeye hendi kuuliza kama mfungwa alifanya au hakufanya. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Anakwenda kuuliza kama mahakama ya jimbo ilikosea. Kosa dogo tunalisamehe. Kosa kubwa tunaliheshimu kwa ukubwa wake. Tunaloruhusiwa kuligusa ni lile tu ambalo hata mama mzazi wa jaji aliyelitenda angeona haya kulisikia, na kwa sababu hiyo mama wa jaji huitwa kutoa ushahidi.

Tulifika mpakani jua limepanda. Nikavaa kofia. "Hodi!" Kimya. Niliwaona maofisa wa jimbo wamejibanza nyuma ya kibanda cha forodha, tumbo la mmoja limebaki nje. "Hodi!" Kimya. Jaji Kirumbi alikwisha kuanza kugeuza gari. Nikapiga hodi ya tatu kwa kutimiza wajibu.

"Karibuni! Karibuni sana, piteni!"

Alikuwa Tunu, amesimama upande wa pili wa mpaka na kanga yake kiunoni. Sheria inasema mwenyeji aitikie. Haisemi mwenyeji yupi. Maofisa walitoka nyuma ya kibanda wakijipangusa vumbi, wakicheka kama watu waliokuwa wakitufanyia mzaha tu, ikawa hapana budi tupokewe.

Kwa heshima ya ujio wetu walitupeleka katika jengo kubwa kuliko yote jimboni, lililojengwa kwa mbao chini mpaka juu, lenye nguzo, feni na picha ya Mkuu wa Jimbo. Juu ya mlango kulikuwa na maandishi ya shaba: UKUMBI WA FAHARI. Jaji Kirumbi aliyasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akayasoma tena.

"Utuwie radhi kwa mazingira, Mheshimiwa," alisema Jaji Lugome akimshika mkono. "Tangu ukumbi wetu uteketee, tunajibana tu humu."

Jaji Kirumbi aliinamisha kichwa. Mgeni hamwambii mwenyeji kwamba nyumba yake haikuungua.

"Poleni sana," alisema. "Pigo kubwa."

"Tumekwisha kupoa."

Tukasimama kimya, wenyeji na wageni, kuukumbuka ukumbi. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu.

Kisha akaitwa mama mzazi wa Jaji Lugome, bibi kizee aliyeingia akishikiliwa kwapani. Aliulizwa kama kuna kitu katika hukumu ile kinachomtia haya. Akasema mwanawe hajakosea tangu utotoni, ila aliwahi kumeza kifungo cha shati, na hata hicho kilirudi. Jaji Kirumbi akamshukuru. Akamsifu Jaji Lugome kwa ufasaha, akamsifu Wakili Sombi kwa utulivu, akaisifu na hewa ya Mitondoo.

Lakini kusifu nako kuna mipaka yake. Kwetu, mgeni akikisifu kitu cha mwenyeji mbele za watu, mwenyeji hupaswa kusema "Chukua, ni chako," na kumaanisha. Asipofanya hivyo hatapata mtu wa kumwoa binti yake. Ndiyo maana majaji wa Shirikisho hufundishwa chuoni kusifu vitu visivyobebeka tu. Jaji Kirumbi alilifaulu somo hilo kwa alama za juu kabisa.

*

Pilau ikaletwa. Wapishi walikuwa wake za wafungwa, ambao katika jimbo lile hupewa heshima ya kupikia wageni bila ujira, na Tunu alikuwa mmoja wao. Wa kunawisha wageni ni wafungwa wenyewe, ili tuone wana afya. Basi aliyekuja na birika na bakuli mbele ya Jaji Kirumbi alikuwa Chande.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Mtu mrefu, amepinda kidogo, na vidole vyake bado vina makovu ya mafuta ya moto. Ninachotaka mkijue ni kwamba Jaji Kirumbi ana baridi yabisi ya mikono, na katika kila jimbo tunalokwenda humwagiwa maji ya baridi akasema asante huku akiuma meno. Chande aliiona ile mikono ilivyovimba. Akarudi jikoni, akaja na maji ya vuguvugu, akayapima kwanza kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Akakunja mikono ya joho la jaji isilowe, akamimina polepole, kidole kwa kidole.

Jaji Kirumbi alifumba macho.

"Aa," alisema. "Huyu bwana ananawisha vizuri. Laiti ningekuwa naye nyumbani."

Ukumbi mzima ulimgeukia. Jaji alifumbua macho, akaona alichokifanya, akaziba mdomo kwa mikono iliyolowa. Pengine bado yangeweza kufunikwa funikwa. Lakini mlangoni pa jiko Tunu alikwisha kupiga kigelegele, kirefu, cha harusi kabisa, na wapishi wenzake wakakidaka bila hata kujua kuna nini. Kigelegele kikishapigwa, jambo ni la watu wote.

Mwanasheria Mkuu wa Jimbo alisimama upesi akiwa bado na mfupa mkononi.

"Mheshimiwa mgeni wetu amesifu kunawa. Kinachonawisha ni maji. Jimbo linamzawadia maji."

"Nashukuru sana kwa maji," alisema Jaji Kirumbi kwa furaha.

"Maji yamejimimina yenyewe?" Tunu aliuliza kutoka mlangoni.

Walinong'onezana. Jimbo likaongeza birika.

"Na hilo birika limejiinua lenyewe?"

Walinong'onezana tena, safari hii kwa muda mrefu, vichwa vimegusana. Mwanasheria Mkuu aliposimama alikuwa na uso wa mtu aliyepata ufumbuzi.

"Kilichoinua birika ni mikono. Jimbo liko tayari kutoa mikono."

Hakucheka hata mmoja. Chande aliitazama mikono yake. Nilitaka kusema kitu, lakini mimi nimefundishwa neno moja tu, na halikufaa pale. Mpishi wa gereza aliulizwa kama ana kisu kikubwa. Akasema anacho.

"Jamani," Tunu alisema, na kwa mara ya kwanza ile sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Huyo ni mume wangu. Jamani, mnanisikia?"

Walimsikia, lakini hakuwa ameketi mahali pa kusikiwa. Aliyemwokoa Chande, na hili nalisema kwa heshima yote, alikuwa Jaji Lugome. Huyu bwana hana ukatili, ana utaratibu tu. Alikumbusha kwamba Kanuni ya Takrima ya Jimbo inakataza kumpa mgeni kitu pungufu. Mkungu wa ndizi haukatwi akapewa mgeni nusu, wala mbuzi hatolewi bila kichwa. Akasimama, akatoa uamuzi kwa sauti ya mahakama:

"Mikono itolewe, pamoja na vyote vilivyoshikamana nayo."

Karani akaagizwa kubaini ni vipi hivyo. Akaanzia kifundo cha mkono, akafuata kwa kidole kiwiko, bega, shingo, kichwa, akashuka kifua, tumbo, magoti mpaka ukucha wa mwisho, akaripoti kwamba vyote vimeshikamana.

"Na malapa?"

"Malapa hayajashikamana, Mheshimiwa. Ni ya gereza."

Chande akaondoka Mitondoo pekupeku, amekaa nyuma ya gari letu, amekumbatia birika.

*

Mtadhani sasa yuko huru. Hiyo ndiyo shida ya kusikiliza kwa haraka. Zawadi haiachiliwi ikajiendea, maana kufanya hivyo ni kumtupia mwenyeji usoni kile alichokupa. Na hukumu ya Jaji Kirumbi, niliyoisoma mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, ilisema hivi: "Mahakama hii haikuona kosa ambalo mama angelionea haya. Kifungo cha maisha kinabaki kama kilivyo. Mfungwa amepokelewa kwa shukrani."

Akakaa nyumbani kwa jaji. Alikula vizuri, alilala kwenye godoro, alinawisha wageni, na getini hakuruhusiwa kufika. Kila asubuhi nikija kumchukua jaji, Chande alinisogelea.

"Bwana Mpiga Hodi, kesi yangu imefikia wapi?"

"Imekwisha, ndugu yangu."

"Walisema nilichoma?"

"Hawakusema hukuchoma."

Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kurudi kwenye birika lake. Siku nyingine alinipa andazi. Yalikuwa maandazi laini sana, na sikupenda kuyala mbele yake.

Kisha Tunu akaja. Ilikuwa Jumapili, jaji yuko sebuleni na gazeti, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake.

"Hodi!"

Sauti ile hata jaji aliitambua. Akainua kidole akakiweka midomoni, akinitazama.

"Hodi!"

Nimesimama milangoni pa watu umri wangu wote. Najua jua la pale nje lilivyo. Najua unavyosikia watu wakipumua ndani, kijiko kikiwekwa chini taratibu kisigonge sahani. Lakini sikuwa nimepata kuwa upande wa ndani, wa wenye kupumua, na niliona aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri.

"Hodi jamani!"

"Karibu," nilisema. Ilitoka kwa kishindo, maana sina sauti nyingine.

Jicho alilonitupia jaji bado nalihisi mgongoni. Tunu aliingia, akaamkia, akaketi ukingoni mwa kiti. Chande akaja na birika kumnawisha mgeni kama ilivyokuwa kazi yake, akainua macho. Maji yote yakaishia kwenye zulia.

"Umekonda," alisema Tunu.

"Wewe ndiye uliyekonda."

Tunu akapangusa uso kwa ncha ya kanga, akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, una mtu mzuri humu ndani mwako."

"Sikusikia vizuri, mama," alisema Jaji Kirumbi. "Masikio yangu siku hizi."

Tunu aliinuka akaenda dirishani, akaielekea barabara. "Nasema, Jaji Kirumbi ana mtu mzuri nyumbani kwake! Mzuri sijapata kuona! Mpole, mchapakazi, hana makuu! Mmesikia, majirani?"

Majirani walikuwa wamesikia. Mmoja alikuwa na mswaki mdomoni. Jaji Kirumbi alikunja gazeti lake mara nyingi sana, mpaka likawa dogo. Aliitazama mikono yake ya baridi yabisi. Nadhani hakusikitika kama alivyotaka tuone, lakini hayo ni mawazo yangu.

"Chukua," alisema. "Ni wako. Ila ieleweke kwamba sijamwachia. Nimemtoa zawadi."

*

Mitondoo walichukia, lakini hawakuwa na la kufanya. Huwezi kumkamata mtu aliyetolewa kwa adabu. Hata hivyo nao wanaijua adabu. Wakamtafuta afisa msomi, mwenye tai na ulimi mtamu, wakamtuma nyumbani kwa Tunu akaketi kama mgeni na kumsifu mumewe mbele za watu.

Tunu alimwona tangu kwenye kona. Akakumbuka kwamba mgeni hambishii mwenyeji.

"Karibu baba, pita, kaa. Huyu unayemwona hapa ni mume wangu. Mvivu, mchafu, anakoroma, na maandazi yake ni mawe matupu."

"Lakini mama, mimi naona..."

"Unanibishia nyumbani kwangu?"

"La hasha, mama."

"Basi onja useme ni mawe."

Afisa alionja. "Ni mawe," alisema kwa huzuni, akamaliza sahani nzima ya mawe, akaaga.

Tangu hapo mtaa mzima umeshika mtindo huo. Watoto wakienda shule humwamkia: "Shikamoo mzee mbaya!" naye huitikia marahaba. Wateja humwambia awafungie yale maandazi yake mabovu, na huwa wamepanga foleni mpaka barabarani. Tunu mwenyewe, aliyebisha milango yote ile kwa ajili yake, tangu amrudishe hajathubutu kumwita mume wangu mpenzi kwa sauti. Inamuuma. Aliniambia waziwazi kwamba inamuuma.

Mimi walininyang'anya kofia kwa kosa la kuitikia hodi. Joho wameniachia mpaka uchunguzi ukamilike. Nikiwa nalo nilikwenda siku moja Mitondoo kumsalimia Chande. Anakaangia mlangoni pake sasa, na ukiwa pale unauona Ukumbi wa Fahari vizuri kabisa. Mwaka huu wanaupaka rangi. Yule mwenye tai alikuwa kwenye benchi akitafuna polepole, sikio lake limeelekea kwetu. Haruhusiwi kukata tamaa, ni ajira.

Chande alinipokea, akanikalisha, akageuza maandazi. Kisha akasema bila kunitazama:

"Bwana Mpiga Hodi, nimeshatoka, silalamiki. Lakini wewe ni mtu wa mahakama. Hakuna mtu wa mahakama aliyepata kuniambia. Nilichoma au sikuchoma?"

Mwenye tai aliacha kutafuna. Nikisema Chande ni mtu safi, asiye na hatia, hiyo ni sifa, tena mbele za watu; mwenye tai, mgeni naye, angeidakia akaitaka zawadi yake, na jioni ile ile Tunu angekuwa mlangoni pa gereza. Nikinyamaza, nimefanya kile tulichokifanya siku zote. Nikasimama, nikafunga vifungo vya joho, nikatoa ile sauti ya mpakani.

"Chande Mtopwa! Wewe ni mtu bure kabisa! Hufai kwa lolote! Ukumbi mzima ule, wa mbao, mkavu, na wewe moto ulikuwa nao hapohapo nyuma yake, na hata kuuchoma ulishindwa!"

Mwenye tai aliyapitia maneno yangu moja moja, midomo ikimcheza, akitafuta sifa. Hakuiona.

Chande aliweka mwiko chini. Alichukua aproni yake yenye unga akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Hakuna aliyesogea. Maandazi yalianza kuungua kwenye karai.

Tunu akatoka ndani mbio, mikono imejaa unga. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

"Mtukane tena," alisema.